Soksi ya Mkono wa Kushoto

Mwanangu alipata riziki yake kwa mkono wa kushoto kwa miaka minane, na mkono huo mimi ndiye niliyewahi kuufunga soksi. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanionea huruma bure.

Alikuwa na miaka mitatu wakati huo. Tulikuwa tumepanga huku ughaibuni, Saint Louis Park, ghorofa ya tatu, mimi namalizia masomo ya uuguzi, mume wangu anafanya kazi kwenye ofisi ya bima iliyokuwa karibu kiasi kwamba hakuwa na kisingizio cha kuchelewa. Tulikuwa tumeshakata tiketi za kwenda Muheza ili mama mkwe wangu amwone mjukuu wake, maana mpaka hapo alikuwa amemwona kwenye picha tu. Mama mkwe wangu ana upendo mwingi na macho makali. Ukimpa chumvi kwa mkono wa kushoto haipokei. Hagombi wala hanuni. Anaendelea kula chakula kisicho na chumvi huku akikutazama, mpaka ujue mwenyewe ulikokosea.

Na mtoto wangu alizaliwa shoto. Kijiko alishika kwa kushoto, mswaki kwa kushoto, na watu wa kanisani walipomnyooshea mkono kumsalimia aliwapa wa kushoto kwa tabasamu zuri kabisa, wao wakaupokea huku wakinitazama mimi. Nilianza kwa maneno. Nikamweleza kwamba mkono huu ni wa chooni na ule ni wa kulia chakula. Akautazama ule wa chooni kwa masikitiko, kisha akachukua kijiko kwa mkono uleule.

Ndipo nikaleta soksi. Ilikuwa soksi nyeupe ya mazoezi ya baba yake, ambayo haikuwa imewahi kuona mazoezi. Kila tukikaa mezani nilimvisha kwenye mkono wa kushoto mpaka karibu na kiwiko, nikaibana kwa kibanio cha nywele cha kuvutika. Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili alinuna. Siku ya tatu alikula wali kwa mkono wa kulia, nusu ukaenda tumboni na nusu sakafuni, nikaona tumefika. Tuliendelea hivyo majira yote ya baridi. Baba yake aliuliza mara moja tu kama ilikuwa lazima. Nikamwuliza kama ni yeye atakayemweleza mama yake. Akaendelea kula.

Muheza mambo yalikwenda kama nilivyopanga. Mtoto alitoa shikamoo, akanyoosha mkono wa kulia, akala kwa mkono wa kulia, akapokea andazi kwa mikono miwili. Mama mkwe akanigeukia akasema, "Huyu mmemlea." Nina vyeti vitatu vya taaluma vimetundikwa sebuleni, na hakuna hata kimoja kilichonifurahisha kama maneno yale mawili.

Tuliporudi soksi ikarudi kwenye droo ya baba yake. Mtoto hakula tena kwa kushoto, wala hakuandika kwa kushoto. Nilipata nilichokitaka, na kwa miaka sita sikukifikiria tena.

Kisha tukahamia Coon Rapids, karibu na hospitali niliyopata kazi, na watoto wa mtaa wakamwingiza kwenye besiboli. Kwa wasioujua, huu ni mchezo ambao watu tisa wanasimama uwanjani, wengine tisa wanasubiri zamu, na mmoja kati ya waliosimama anapanda juu ya kilima kidogo na kutupa mpira. Huyo ndiye mrushaji. Anamtupia mwenzake wa upande wa pili, ambaye ameshika gongo na anajaribu kuupiga. Mara nyingi anaukosa. Inachukua saa tatu, na watu wanalipa kiingilio.

Tulikwenda dukani kununua glavu, ule mfuko wa ngozi wa kudakia mpira. Glavu huvaliwa mkono usiotupa. Muuzaji akauliza kijana anatumia mkono gani. Nikajibu, "Wa kulia," kabla mtoto hajafungua kinywa. Kwa hiyo akapewa glavu ya kuvaa kushoto, na kwa msimu mzima alikwenda nayo Anoka, kwenye uwanja ulio karibu na mto, akakaa kwenye benchi. Alipoingizwa alitupa mpira kwa mkono wa kulia, ukafika popote isipokuwa alikokusudia. Mimi nilikaa kwenye gari, nimewasha kipasha joto kwa sababu Aprili ya huku haina adabu, nikajiambia kwamba basi, mtoto hana kipaji, tutarudi kwenye hesabu.

Siku moja kocha wake alinipigia simu. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mpole sana. Akasema kwamba jioni hiyo, baada ya mazoezi, alimwona mwanangu amevua glavu, ameibana kwapani, anatupia mpira ukuta wa choo cha uwanjani kwa mkono wa kushoto. Akauliza kama nilijua kwamba mtoto wangu ni shoto.

Nikamwambia amekosea. Nikamfafanulia kwamba zamani alikuwa shoto kweli, lakini tulishamrekebisha.

Kocha akanishukuru kwa maelezo. Kisha akasema, kwa upole uleule, kwamba kama kuna kitu kilisalia baada ya marekebisho, angependa kukitumia.

Tukanunua glavu ya pili. Ile ya kwanza iko gereji mpaka leo, juu ya kabati la rangi, na kila nikienda kuchukua koleo la theluji inanitazama. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kwa msimu mzima nilikuwa nimemfunga tena ile soksi, safari hii ya ngozi, na nikailipia dukani.

Kumbe katika mchezo huu shoto anatafutwa. Wapigaji wengi wamezoea mpira unaotoka upande wa kulia, ukiwajia kutoka upande mwingine wanachanganyikiwa, na wapigaji walio shoto wenyewe ndio wanaochanganyikiwa zaidi. Kwa hiyo kitu kile ambacho Muheza kingemnyima bibi yake chumvi, huku kilimpa mwanangu nafasi kwenye timu ya sekondari, kisha udhamini wa chuo kikuu, kisha mtu akaja sebuleni kwetu na mkataba wa kucheza kwa malipo. Baba yake, ambaye alikuwa ameazima vitabu vya sheria za mchezo maktaba na akawa hakai naye mtu bila kusomewa kanuni, aliusoma mkataba mara tatu. Mwanangu akausaini. Yule mgeni akacheka, akasema, kwa hiyo unaandika kwa mkono wa kulia? Mwanangu alifunika kalamu. Alinitazama mimi. Nikaenda jikoni kuangalia chai.

Kanisani hali ilikuwa ngumu kidogo. Watanzania wenzetu wa hapa wengi walikuja kusoma na wakasoma, na watoto wao wamefuata njia hiyohiyo. Baada ya ibada watu huulizana habari za watoto. Mmoja atasema wake ni mfamasia, mwingine mhandisi, wa tatu yuko mwaka wa mwisho wa sheria. Ikifika zamu yangu nilisema wangu anatupa mpira. Waliuliza na baada ya hapo? Nikasema baada ya hapo wanamrudishia. Rafiki yangu Mkenya, muuguzi mwenzangu, ndiye peke yake aliyeniuliza waziwazi.

"Lakini hiyo ni job kweli, ama ni vile tu watu wanaogopa kukuambia?"

Nikamwambia ni kazi. Nilisema kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, maana na mimi sikuwa na hakika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ligi kuu iko juu, na chini yake zipo ligi ndogo, ngazi juu ya ngazi, kwenye miji ambayo hata wenyeji wake huitaja kwa kuomba radhi. Mwanangu alisafiri kwa basi kutoka mji mmoja hadi mwingine miaka mitano. Hakuwa yule mrushaji anayeanza mechi. Alikaa kwenye kiti nyuma ya uzio mpaka apande mpigaji wa shoto, ndipo anaitwa. Anaingia, anatupa dakika kumi, anatoka. Mimi na baba yake tulikwenda kumwona mara moja, safari ya saa saba kwa gari, na siku hiyo upande wa pili hawakuwa na mtu wa shoto. Tulirudi na chapati zote nilizompikia, kwa sababu aliposogea kwenye uzio alikuwa ameshaitwa kwenye basi.

Mwaka wa sita alipanda ngazi moja. Watu wazito wakaanza kumwangalia. Baba yake alianza kusema "mwaka ujao" bila kumalizia sentensi. Na hapo ndipo simu ikaja, mimi niko kwenye chumba cha wafanyakazi kazini nakula viazi vya jana. Mwanangu alizungumza Kiingereza, kama kawaida yake, polepole. Kano ya kiwiko cha kushoto ilikuwa imechanika. Alisikia kama kitu kimekatika na mpira ukaanguka miguuni pake.

Mimi ni muuguzi. Najua kano ya kiwiko inachanika kwa sababu mkono wa binadamu haukuumbwa kutupa kitu kwa nguvu zote mara elfu kwa mwaka. Najua soksi ya pamba haiwezi kuharibu kano. Yote hayo niliyajua pale pale, uma ukiwa mkononi, na sikuyaamini hata moja. Niliona ule mkono mdogo juu ya meza na kibanio cha nywele karibu na kiwiko. Nikajisemea, wewe ndiye uliyemvunja.

Daktari wa upasuaji alikuwa hapa hapa mjini, kwa hiyo mwanangu alirudi nyumbani. Nilikwenda naye siku ya kuelezwa. Mwishoni, mwanangu alipotoka kupima damu, nikamwuliza daktari kama mtoto aliyezuiwa kutumia mkono akiwa na miaka mitatu, mtoto wa mtu fulani, anaweza kuwa na kano dhaifu ukubwani. Daktari akauliza alizuiwa vipi. Nikasema, kwa soksi. Akaniambia hapana, haihusiani kabisa. Nikamshukuru, sikumwamini.

Kisha akanieleza upasuaji wenyewe, ambao nilikuwa nimesoma lakini sikuwa nimeutafakari. Kano iliyochanika haishonwi. Inawekwa nyingine. Na hiyo nyingine wangeitoa kwenye mkono wake wa kulia, karibu na kifundo, ambako kuna kano nyembamba ambayo mtu anaweza kuishi bila hiyo. Niliondoka nimeshika mkoba kwa mikono miwili. Mkono niliouadhibu ndio uliovunjika, na mkono niliouchagua ndio uliokuwa unakwenda kukatwa ili kuuponya. Nililia kwenye maegesho ya magari, ghorofa ya pili, nikamwambia mwanangu ni mzio wa maua. Ilikuwa Novemba.

Baada ya upasuaji mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kwenye chuma kuanzia begani, na wa kulia ulikuwa na bandeji kwenye kifundo ambayo kwa siku kadhaa haikutakiwa kulowana wala kuchafuka. Baba yake akapendekeza supu na mrija. Nikasema mtoto wangu hatakunywa chakula kama mgonjwa wa koo. Nikasonga ugali, nikapika samaki wa nazi, nikaketi mbele yake, nikaanza kumlisha. Mtu mzima wa miaka ishirini na saba, mabega kama mlango. Nilikuwa namega tonge, nachovya, nampa. Alifungua kinywa bila kubisha.

Tonge la nne nikashindwa kuendelea. Nikamwambia, "Ulipokuwa mdogo nilikufunga soksi mkono huo. Kila ulipokula. Ili bibi yako asikuone unakula kwa kushoto. Nimekukosea, mwanangu."

Alitafuna akamaliza. Akasema kwa Kiswahili, na Kiswahili chake hakikuwahi kuwa kirefu, "Sikumbuki, Mama. Ongeza mchuzi."

Nikaongeza mchuzi. Nisikudanganye, niliumia zaidi. Mtu ukijiandaa miaka na miaka kuomba msamaha, unategemea uliyemkosea awe na habari ya kosa lenyewe. Nilimlisha mpaka sahani ikaisha, na hatukulizungumza tena.

Mkono ulichukua zaidi ya mwaka kupona. Kwanza alijifunza kuunyoosha, kisha kushika kikombe, kisha kutupa mpira hatua chache, na baba yake akiudaka gereji akiwa amevaa koti la baridi na kofia ya pikipiki ambayo hatujui ilitoka wapi. Kabla hajapona, timu yake ilimpigia simu ikavunja naye mkataba. Dakika nne, na walimshukuru mara mbili. Alikwenda kusafisha theluji ya mbele ya nyumba, kisha ya jirani, kisha ya jirani wa jirani.

Majira ya machipuko timu moja ya Saint Paul, inayojitegemea, isiyomilikiwa na timu yoyote ya ligi kuu, ikakubali kumjaribu. Alituambia mezani, bila kupamba, kwamba anakwenda kujua jambo moja tu, kama mkono bado upo. Ukiwepo atacheza msimu huu. Usipokuwepo atarudi chuo kumalizia shahada yake, na mimi nitakuwa na jibu la kuwapa watu kanisani. Kwa miaka mingi nilikuwa nimelitaka jibu hilo. Siku hiyo nilipolipata mkononi nililiogopa.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa Jumapili mchana. Tulitoka ibadani tukaenda moja kwa moja, mimi na kitenge changu, baba yake na kitabu cha sheria kwenye mfuko wa koti. Nilikuwa na chapati sita kwenye karatasi ya foili. Na nilikuwa nimeamua jambo tangu mahubiri, ambayo kwa hiyo sikuyasikia. Nilitaka kumpa mwanangu kitu kwa mkono wangu wa kushoto, hadharani, mara moja. Kuomba msamaha kwa maneno kulikuwa kumeshindikana. Hii ndiyo njia iliyobaki, na kwa mtu aliyelelewa nilivyolelewa mimi, ni sawa na kutoka nje bila viatu.

Walimwita mechi ikiwa karibu kwisha. Alipanda kile kilima, akavaa glavu mkono wa kulia, akatazama chini. Mtu wa kwanza alimtupia mipira minne, yote nje, mmoja ukaenda mbali mpaka mdakaji akaukimbilia. Kwa sheria zao huyo anapewa nafasi ya kwenda bure kwenye kituo cha kwanza. Baba yake akaanza kunisomea kanuni, nikamwomba anyamaze. Sikuwa natazama mpira. Nilitazama kiwiko, kila kilipokunjuka nilisubiri kukisikia kikikatika.

Wa pili alikuwa shoto mwenzake, mtu mkubwa anayetafuna kitu. Mwanangu alitupa, yule akapiga hewa. Akatupa tena, akapiga hewa. Wa tatu ulianza kama unaenda kwenye mbavu zake, akarudi nyuma, mpira ukageuka ukapita pale pale ulipotakiwa, na mwamuzi akanyoosha mkono. Yule mtu akalitazama gongo lake kama limemdanganya, akaenda kukaa. Aliyefuata alipiga mpira ukabingirika chini, wakauokota, wakawatoa wawili kwa pamoja, yeye na yule aliyekwenda bure. Basi, ikaisha. Dakika kumi, kama zamani. Baba yake alikuwa amekishika kitabu kichwa chini miguu juu, analia.

Mechi ilipokwisha tulishuka mpaka kwenye uzio. Watu walikuwa wengi, watoto na kalamu zao, na nyuma yetu rafiki yangu Mkenya, ambaye nilikuwa nimemwambia aje aone kama ni kazi kweli. Mwanangu akaja, jasho linamtoka, akamsalimia baba yake. Nikaitoa ile foili. Nikaihamishia mkono wa kushoto, nikanyoosha juu ya uzio.

Hakuipokea. Aliutazama mkono wangu, akanitazama usoni. Hakugomba wala hakununa. Alisimama tu vile, bibi yake kabisa, mpaka nikaanza kusikia aibu mpaka masikioni.

Kisha akainama karibu na uzio, akasema kwa Kiswahili, polepole, ili nisikie mimi peke yangu, "Mama, utafungwa soksi."

Nikabadilisha mkono. Akavua glavu, akaibana kwapani, akapokea chapati kwa mikono miwili.